Pange au Mbung'o? Tazama Bawa Kwanza

Nzi mkubwa akiuma malishoni hupigwa kofi, hutupwa, na watu husema ni mbung'o. Mara nyingi ni pange. Kuwatofautisha ni muhimu, kwa sababu mbung'o ndiye anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Pange naye hana wema: huhamisha vimelea vya surra kutoka ngamia mmoja hadi mwingine, ugonjwa unaowasumbua wafugaji wa kaskazini mwa Kenya.

Picha nzuri ya simu inatosha kuwatenganisha. Mbung'o akitua, mabawa yake hulaliana mgongoni, moja juu ya jingine, na mrija wa kunyonyea damu huelekea mbele moja kwa moja. Ukuze picha utazame katikati ya bawa: mishipa imezunguka sehemu yenye umbo la shoka. Ukiliona shoka hilo, huna haja ya kubishana na mtu.

Pange wana macho makubwa, mara nyingi ya kijani yanayong'aa. Pange wa jenasi ya Tabanus ana mwili mnene, na wengi wa jenasi hiyo wana mabawa maangavu. Wa jenasi ya Haematopota ana mabawa ya kijivu yenye madoadoa, ameyainamisha kama paa la nyumba. Wa jenasi ya Chrysops ana utepe mweusi uliokata bawa, na vipapasio virefu. Huyu wa mwisho, katika misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, hueneza mnyoo wa Loa loa, ambao huweza kuonekana ukipita juu ya jicho la mgonjwa.

Macho yakigusana juu ya kichwa, huyo ni dume, na pange dume hanyonyi damu.

Kufikia spishi yenyewe ni kazi ngumu zaidi. Duniani kuna spishi zaidi ya 4,000 za pange, na Harold Oldroyd wa jumba la makumbusho la London alihitaji juzuu tatu, kuanzia 1952 hadi 1957, kuwaeleza wale wa Afrika pekee. Wataalamu hupima hata upana wa paji la uso. Kwa hiyo programu ya simu ikikupa jina kamili kwa picha moja ya ubavuni, usiliamini haraka. Hata hivyo picha ina faida yake: mistari ya rangi machoni, ambayo husaidia utambuzi, hufifia nzi akifa na kukauka.

Piga picha tatu: juu, usoni na ubavuni. Weka rula kando ya nzi, uandike mahali na tarehe, kisha mpelekee afisa mifugo. Na ukipata homa baada ya kuumwa mbugani, mwambie daktari ulikotoka na umwonyeshe picha hizo bila kukawia, maana malale ya Afrika Mashariki yasipotibiwa huua ndani ya miezi michache.