Majina Mengi, Mama Mmoja

Ukiingia kwenye kibanja cha Mhaya kule Kagera, mwenye shamba hatakwambia tu kwamba hii ni migomba. Atakutajia mmoja mmoja: huu nshakala, ule enchoncho, ule wa pembeni enyoya. Atakuonyesha mikungu iliyoinama na iliyotokeza ubavuni, ndizi za kupika na zile kali zinazokamuliwa rubisi. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watafiti wamehesabu zaidi ya aina 80 za jamii hii ya migomba ya nyanda za juu.

Lakini vinasaba vya aina hizo vimefanana mno, kiasi kwamba zinadhaniwa kuwa watoto wa mgomba mmoja. Nao ni watoto bila mbegu. Mgomba huu una kromosomu 33, yaani seti tatu za 11, wakati jamaa zake wa mwituni wana 22. Seti tatu hazigawanyiki sawa, hivyo mbegu ni nadra kutungwa. Mkulima hung'oa chipukizi na kukipanda kwingine, na chipukizi ni mama yule yule. Mara mojamoja seli hugeuka kidogo, kikachomoza chipukizi chenye shina jeusi au ndizi fupi. Mkulima mwenye jicho akakitenga, akakilea, akakipa jina. Aina zote zile zimepatikana hivyo, na kwangu huo ni usomi kamili.

Maradhi, hata hivyo, hayahesabu majina. Mnyauko wa bakteria ulipoonekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukafika Kagera, uliingia kwenye ua dume ukibebwa na wadudu, au ukasafiri kwenye panga lisilosafishwa. Majani yakalegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Nshakala ilianguka, na jirani zake wote wakaanguka.

Kinga ilitafutwa kwa jamaa tusiowaalika mezani. Migomba mwitu ya Asia ya Kusini-Mashariki huzaa vidole vilivyojaa mbegu ngumu kama changarawe, nyama yake ni ya kulamba tu. Ila mmoja wao, balbisiana, huustahimili mnyauko huo. Mwingine, uitwao Calcutta 4, huhimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Chavua yake ilipotiwa kwenye migomba michache ya nyanda za juu ambayo bado hukubali kutunga mbegu, ukaanza ukoo mpya. Kutoka kwenye uzalishaji wa namna hiyo Uganda ilipata M9, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010.

Kuna ukoo wa tatu, na huu uko jikoni kwetu. Mchare, ndizi ya mtori wa Kilimanjaro, una seti mbili tu za kromosomu, na ni ndugu wa karibu wa mlali wa Visiwa vya Komoro. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia hadi ugonjwa mwingine, mnyauko wa Panama, ulipoifagia, na Cavendish iliyochukua nafasi yake, zote zilirithi seti mbili kati ya tatu kutoka ukoo wa mlali. Nao wazalishaji wa mbegu huko Arusha wanauchavusha mchare, mkungu baada ya mkungu, wakitafuta punje chache za mbegu ndani ya ndizi zilizoiva.