Penseli yako ina siri ya umeme

Ingia duka lolote pale Kamukuywa, uliza penseli na selotepu. Umebeba karibu kila kitu kilichoanzisha kazi iliyoshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Zii, sikuchezei.

Kile cheusi ndani ya penseli ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafaiti ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati za hoteli. Milimita moja ina tabaka karibu milioni 3. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibandua grafaiti kwa selotepu, wakarudia na kurudia, hadi wakapata tabaka moja lenye unene wa atomu moja. Hiyo ndiyo grafini.

Umeme ni elektroni zikisafiri. Ndani ya waya wa shaba zinagongwagongwa, kama boda kwenye murram ya mashimo, na kila kugongwa huleta joto. Kwenye grafini safi zinateleza mbali kabla ya kugonga chochote, kama uko kwenye lami ya Webuye–Kitale bila matuta.

Kuna waliothubutu zaidi. Mwaka 1974, Arieh Aviram na Mark Ratner walionyesha kwa hesabu kwamba molekuli moja yaweza kupitisha umeme upande mmoja tu. Mwaka 1997, Mark Reed, James Tour na wenzao walikunja waya wa dhahabu hadi ukakatika, wakapima umeme ukivuka molekuli kati ya ncha mbili. Ni kama gogo juu ya mto. Shida ni kwamba atomu za dhahabu huhamahama, gogo likakosa kingo imara. Ndiyo maana siku hizi watafiti hujaribu ncha za grafini.

Lakini tusidanganyane. Grafini peke yake haizimiki vizuri, na kompyuta huishi kwa kuwasha na kuzima. Kwa hivyo haijafukuza silikoni.

Inakuhusu vipi? Betri nyingi za lithiamu, za simu na za boda za umeme, hutumia grafaiti upande wa hasi. Jirani zetu Tanzania wanayo Mahenge na Ruangwa. Tukiishia kuchimba na kusafirisha, itaturudia ikiwa betri, kwa bei ya mwenye ujuzi. Ujuzi huo ndio wa kupigania.

Mimi karo ilinitoa chuo, maswali yakabaki. Wewe anza leo: tafuta penseli laini, 6B ukiipata, chora mstari mfupi, mnene na mweusi tii. Unganisha betri ya volti 9 na kitaa cha LED kupitia mstari huo. Kikikataa, geuza miguu yake. Kikiwaka, fupisha mstari uone mwanga ukiongezeka. Hapo ushaanza fizikia, mtu wangu.