Fimbo ya Bei Nafuu, Rili ya Maana

Mkazi wa Mbagala au Kunduchi anayepanga safari ya Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kurambaza sangara, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, aghalabu huanza na fimbo. Dukani ndiyo inayong'aa, na muuzaji hachoki kuisifia kaboni yake. Lakini katika kurambaza hutupi mshipi: boti ndiyo inayofanya kazi, fimbo imechomekwa tu ikisubiri. Ya faibaglasi, futi 6 hadi 7, inatosha, tena huvumilia kubamizwa kuliko ya kaboni. Chukua ya vipande viwili. Ya kipande kimoja kwenye buti la basi la Mwanza, chini ya magunia ya watu, utaipokea imevunjika.

Ukigawa bajeti yako mafungu kumi, manne yapeleke kwenye rili. Hapa ndipo seti za mfuko mmoja, fimbo na rili pamoja, huangusha watu. Sangara mkubwa akikurupuka, breki lazima iachie mshipi polepole bila kukwama. Ijaribu palepale dukani: kaza breki nusu, vuta mshipi kwa mkono. Ukitoka kwa kushtukashtuka, rudisha. Rili ya mtumba yenye breki laini naiweka mbele ya mpya ya namna hiyo.

Mshipi wa kusuka ni mwembamba kuliko nailoni yenye nguvu ileile, hivyo chambo huzama zaidi. Ila ni ghali, na haunyumbuki: samaki akigonga ghafla, ndoana inaweza kumpasua mdomo akaenda zake. Anayeanza anunue nailoni ya milimita 0.50. Anayeng'ang'ania wa kusuka ajaze nailoni chini, kisha mita 150 za juu tu ziwe za kusuka.

Waya wa mbele usinunue kwa ajili ya sangara. Meno yake ni kama msasa, hayakati, na kipande cha nailoni nene kinamtosha. Waya ni wa samaki tiger wa Rufiji, au nguru wa baharini.

Chambo bandia za Rapala ni ghali. Za kuiga huogelea vizuri tu, tatizo ni ndoana zinazonyooka. Zibadilishe zote kabla ya safari.

Yote haya ni madogo mbele ya petroli na kukodi boti. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kwa hiyo weka na kiingilio na kibali cha kuvua. Tafuta wenzako wawili mgawane boti kabla hujalipia hata ndoana.