Kijiji cha Kiingereza Mwanzoni mwa Majira ya Joto

Majira ya joto nchini Uingereza huhesabiwa kuanzia Juni hadi Agosti, lakini dalili zake huonekana tangu wiki za mwisho za Mei, miti inapokuwa imekwisha kuvaa majani mapya na baridi ya usiku imepungua makali. Kwa kuwa nchi hiyo iko mbali kaskazini mwa ikweta, karibu nyuzi 51 za latitudo katika sehemu zake za kusini, urefu wa mchana hubadilika mno kati ya msimu na msimu, na mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam, ambako jua huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima, huchukua muda kuzoea hali hiyo. Inapofika Juni 21 jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kutua baada ya saa 3 usiku, hivyo mchana huzidi saa 16. Joto la mchana kwa kawaida huwa kama nyuzi 20 za Selsiasi, na mvua haikomi kabisa, ndiyo maana nchi hubaki kijani kibichi. Katika wiki hizo ndege hutaga na kulea makinda, maua ya porini huchanua, na wanakijiji waliojifungia ndani miezi ya baridi hutoka kukutana. Mambo hayo hayakutani kwa bahati tu, kwa maana viumbe wengi wa kijiji cha Kiingereza huishi mahali palipotengenezwa na kutunzwa na watu kwa pamoja: kwenye nyua za miti, malisho, makaburi ya kanisa na mapaa ya nyumba. Anayetaka kueleza viumbe wa huko hana budi kueleza jamii inayoishi nao.

Mfano ulio bora ni kijiji cha Selborne katika kaunti ya Hampshire, kiasi cha kilomita 80 kusini-magharibi mwa London. Hapo ndipo alipoishi kasisi Gilbert White (1720–1793), aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ndege, wadudu na mimea ya kijiji chake, na mwaka 1789 akachapisha barua zake za uchunguzi katika kitabu kiitwacho The Natural History of Selborne. Zama zile wataalamu wengi walijifunza kwa kupima viumbe waliokufa makabatini, lakini White alisimama nje akawasikiliza wakiwa hai, na kwa kusikiliza sauti zao aliweza kutambua kuwa vindege fulani vidogo vya kijani, ambavyo vilichanganywa kwa sababu ya kufanana, vilikuwa vya aina tatu tofauti. Kijiji chake kina barabara moja kuu yenye nyumba pande zote mbili, kanisa la kale, na nyuma yake kilima kirefu kilichofunikwa na msitu. Mwaka 1753 White na nduguye John walichimba kilimani hapo njia ya kupindapinda, ambayo wageni huipanda hadi leo. Juu ya kilima ipo ardhi ya pamoja, yaani ardhi ambayo, ijapokuwa ilikuwa na mwenyewe, wanakijiji walikuwa na haki za jadi za kulishia mifugo na kuokota kuni. Siku hizi ardhi hiyo hutunzwa na shirika la hisani la National Trust.

Mgeni anayetazama mashamba ya Kiingereza kutoka mahali palipoinuka huona kwanza nyua zinazoyagawa. Ua wa Kiingereza si wa mbao wala waya, bali ni mstari wa vichaka na miti iliyopandwa kwa kubanana na kusukwa hadi mifugo isiweze kupenya. Nyingi zilipandwa kati ya mwaka 1750 na 1850, wakati Bunge lilipopitisha maelfu ya sheria za kugawa mashamba na malisho ya pamoja kwa wamiliki binafsi. Hatua hiyo iliwanyima maskini wengi mahali pa kulishia ng'ombe wao mmoja au bata wao wachache, na machungu yake yamebaki katika historia ya wakulima wa nchi hiyo. Hata hivyo mipaka hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya watu wachache, imekuwa makao ya viumbe wengi. Mwezi wa Mei mti wenye miiba uitwao hothoni, ambao ndio mti mkuu wa nyua hizo, hufunikwa na maua meupe hata majani yasionekane. Juni huja zamu ya waridi wa porini na mti wa elda, ambao maua yake ya rangi ya malai huchumwa na kulowekwa katika maji ya sukari na limau ili kupata kinywaji cha msimu. Ndani ya miiba ndege hujenga viota, na chini yake, kwenye majani makavu, kalunguyeye hulala mchana na kutoka usiku kutafuta mende na minyoo. Sheria ya mwaka 1997 hukataza kung'oa nyua muhimu bila kibali, na wakulima hawaruhusiwi kuzikata kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, ili ndege wamalize kulea.

Kati ya nyua hizo yalikuwapo malisho ya maua, ambayo ni makonde ya nyasi zisizolishwa wala kukatwa tangu masika hadi Julai, zinapofyekwa, kukaushwa juani na kuwekwa akiba kwa mifugo wakati wa baridi. Kwa kuwa mimea hupewa nafasi ya kuchanua na kudondosha mbegu kabla ya kufyekwa, konde moja la namna hiyo huweza kuwa na aina nyingi sana za maua, na mwezi wa Juni huonekana okidi za zambarau zilizosimama wima katikati ya maua ya manjano na meupe, nyuki wakubwa wenye manyoya wakihama kutoka ua hadi ua. Upo mmea mmoja mdogo wa maua ya manjano ambao mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kuzinyonya. Nyasi zikidhoofika, maua mengine hupata nafasi, na kwa hiyo watu wanaofufua malisho ya zamani huanza kwa kupanda mbegu zake. Kazi hiyo ya kufufua ni ya lazima, kwa maana kufikia miaka ya 1980 kiasi cha asilimia 97 ya malisho ya maua yaliyokuwapo England na Wales katika miaka ya 1930 yalikuwa yamepotea, kwanza kwa kulimwa ili kupata chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha kwa mbolea za viwandani, ambazo hustawisha nyasi na kuyasonga maua.

Katika viumbe wote wa msimu huu, ndege wahamao ndio wanaomhusu zaidi msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya maisha yao au zaidi hupita Afrika. Mbayuwayu hufika Aprili na kujenga kwa udongo juu ya boriti za mabanda ya ng'ombe. Kekeo, ambaye huyataga mayai yake katika viota vya ndege wadogo na kuwaachia kazi ya kulea, huanza kusikika siku hizo hizo. Teleka huja wa mwisho, mwanzoni mwa Mei, na huondoka kabla Agosti haijapiga hatua. White alihesabu jozi nane za teleka zikirudi Selborne kila mwaka, karibu nusu zikikaa kanisani na nyingine katika nyumba duni zilizoezekwa nyasi, lakini hakupata kujua kwa hakika ndege hao na jamaa zao walikwenda wapi, na hadi mwisho alidhani kuwa huenda baadhi ya mbayuwayu hujificha nchini mwake wakati wa baridi. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1912, mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni huko Staffordshire mwaka uliotangulia alipokamatwa Natal, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2011 wataalamu wa taasisi ya ndege ya British Trust for Ornithology wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, na imedhihirika kuwa huvuka Sahara na kukaa miezi ya baridi katika bonde la Kongo. Teleka nao hukaa huko huko, na wengine husogea hadi Msumbiji.

Maisha ya teleka yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Ndege huyu mweusi, mwenye mabawa yaliyopinda kama mundu, hula, hunywa na hata hulala akiwa angani, na utafiti uliofanywa nchini Sweden na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baadhi yao hukaa miezi 10 bila kutua. Hutua kwa ajili ya kutaga tu, tena ndani ya tundu la jengo, chini ya kigae au katika ufa wa mnara, ambako huingia kwa kasi mno hata anayetazama asitambue alikopitia. Mzazi hurudi akiwa na donge kooni la mamia ya wadudu waliogandishwa kwa mate. Mvua ikinyesha siku nyingi na wadudu kuadimika, wazazi huenda mbali kuwatafuta, na makinda hupoza miili yao na kupunguza mapigo ya moyo ili yasife njaa. Jioni za Juni teleka huruka kwa makundi wakipiga mayowe kati ya mapaa, na sauti hiyo, kwa wenyeji wengi, ndiyo inayotangaza kuwa majira ya joto yamefika kweli.

Mbali na nyumba za watu, kanisa nalo huhifadhi viumbe wengi. Kanisa la Uingereza, ambalo ni la Kianglikana, lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, mengi yake yakiwa vijijini na yenye umri wa mamia ya miaka, na ardhi ya makaburi inayoyazunguka haijapata kulimwa wala kutiwa mbolea. Kwa sababu hiyo maua yaliyotoweka mashambani huendelea kuota kati ya mawe ya makaburi, na parokia nyingi sasa huacha sehemu ya nyasi bila kufyekwa hadi Julai, baada ya waumini kujadiliana jinsi ya kuwaheshimu marehemu bila kuwanyima wadudu riziki. Popo hukaa darini, nao wamelindwa na sheria tangu mwaka 1981 hata pale wanapochafua mabenchi. Katika makaburi ya Selborne ulisimama mti wa yuu, ambao ni mti wa majani ya kijani mwaka mzima unaoweza kuishi zaidi ya miaka elfu, hadi dhoruba ilipouangusha Januari 1990. White mwenyewe, aliyefariki Juni 26, 1793, amezikwa hapo chini ya jiwe dogo lenye herufi za mwanzo za jina lake na tarehe ya kifo.

Mambo ya kijiji yasiyo ya ibada huendeshwa na baraza la parokia, chombo cha chini kabisa cha serikali za mitaa, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1894, ambayo iliwaruhusu pia wanawake kupiga kura na kuchaguliwa katika mabaraza hayo. Baraza hukutana katika ukumbi wa kijiji kujadili mabenchi, taa, ukataji wa nyasi kando ya barabara na vishamba vya kukodi. Vishamba hivyo, ambavyo sheria ya mwaka 1908 iliyataka mabaraza kuvitoa kwa wanaovihitaji, huwa na eneo la kama meta za mraba 250 kila kimoja, na mwezi wa Juni wakulima wake, wengi wakiwa wastaafu, hupalilia viazi na maharage, hufunika stroberi kwa nyavu, na kupeana miche iliyozidi.

Jumamosi za Juni ni siku za tamasha la kijiji, ambalo lengo lake ni kukusanya fedha za kutengeneza paa la kanisa, shule au ukumbi. Meza hupangwa uwanjani, huku keki zilizookwa majumbani, miche ya maua na vitabu vya mtumba, na kule bahati nasibu; watoto hukimbia mbio za magunia, watu wazima huvuta kamba, na wanachama wa Women's Institute, chama cha wanawake kilichotoka Kanada na kuingia Uingereza mwaka 1915, husimamia chai. Jumapili nyingine watu hufungua bustani zao kwa wageni wanaolipa kiingilio. Desturi hiyo ilipewa mpango wa kitaifa mwaka 1927, wakati bustani 609 zilipofunguliwa kwa shilingi moja kwa kila mgeni ili kuwagharimia wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani. Jioni kriketi huchezwa kwenye uwanja wa kijiji, na mnarani kikundi cha wapiga kengele, kila mmoja na kamba yake, hufanya mazoezi ya kubadilisha mpangilio wa milio kwa kanuni ya hesabu inayotunzwa kichwani.

Haifai, hata hivyo, kukisifu kijiji hiki kana kwamba hakina dhiki. Bei za nyumba zimewafukuza vijana wengi, maduka na mabasi yamepungua, na katika mamia ya vijiji wakazi wamelazimika kuchanga fedha na kununua duka lao la mwisho ili lisifungwe. Viumbe nao wamepungua: idadi ya teleka wanaozaa nchini imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1995, sababu mojawapo ikiwa ni ukarabati unaoziba matundu ya kale, na mwaka 2021 ndege huyo aliwekwa katika orodha ya walio hatarini. Dawa iliyopatikana ni ya kawaida kabisa, nayo ni kutundika masanduku ya viota chini ya penu na kujenga matofali yenye uwazi ndani ya kuta mpya, kazi ambayo hufanywa zaidi na vikundi vya majirani.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kijiji cha Kiingereza kwa nchi nyingine. Viumbe wake hawakusalia kwa sababu eneo lilifungwa na watu wakaondolewa, bali kwa sababu ua ulisukwa kila baada ya miaka kadhaa, nyasi zilifyekwa kwa wakati wake, na wazee wa kanisa walikubaliana kuliacha tundu la mnara wazi. Kazi hizo ni ndogo, huchosha na hazina sifa, na zikiachwa kwa kizazi kimoja tu huwa vigumu kuzirudisha. Na kwa kuwa teleka na kekeo hugawa mwaka wao kati ya kijiji hicho na bonde la Kongo, wakata nyasi wa Hampshire na watunza misitu wa Kongo, ingawa hawajuani, wanalea ndege wale wale, na uzembe wa upande mmoja hauwezi kufidiwa na bidii ya upande wa pili.