Kamba ya Fundi na Azimio la Musoma

Mwezi wa Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU ilipokutana katika mji wa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ilipitisha azimio ambalo watu aghalabu hulikumbuka kwa ahadi yake ya elimu ya msingi kwa watoto wote, hali sehemu yake ya pili, iliyohusu kazi, ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Iliamriwa kwamba amalizaye kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza aingie kazini, na wale aliofanya kazi nao watoe ushahidi wa bidii na tabia yake. Fikira ya kuunganisha elimu na kazi Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, alikwisha kuieleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea.

Kwa bahati mbaya, shule nyingi zilifahamu kwamba kazi ni jembe la alasiri, tena jembe hilo likawa adhabu ya mchelewaji. Na mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe, atalipendaje?

Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma imefuata njia nyingine, maana humo umeme, ujenzi na mitambo ni masomo yenye mtihani, sawasawa na hesabu na fizikia. Fundi anayepima msingi wa nyumba huchukua kamba, akapima hatua tatu upande mmoja na nne upande wa pili, na baina ya ncha zake zikitimia tano, hujua kwamba pembe yake ni mraba kamili. Kanuni hiyo hiyo mwanafunzi huiandika ubaoni asubuhi, na akiishika kamba mwenyewe ndipo huiamini.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika baadhi ya sekondari, ambamo kijana husomea fani, kama vile useremala au umeme, pamoja na masomo ya jumla. Neno amali lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kazi na matendo. Mimi nauunga mkono mkondo huo kwa moyo wote, ila mzazi wa Bunda au Butiama, kabla ya kumwandikisha mwanawe, na aingie karakana aone: mbao zipo za kukatwa na kuharibiwa na wanaojifunza, vijiti vya kuchomelea vipo vya kutosha mwaka mzima, na mwalimu wa fani amekwisha kufika?