Mtoto anaharisha baada ya likizo? Mtajieni daktari safari

Wengi wenu mmerudi kutoka Unguja, Mombasa na Dar. Mdogo wenu akianza kuharisha sasa, msiseme ni kubadili hewa tu.

Kuna kijidudu kiitwacho giadia, hakionekani kwa macho. Huingia kwa maji yasiyochemshwa au mikono isiyooshwa baada ya choo. Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baadaye, ndiyo maana safari husahaulika. Hujibandika kwenye utumbo mdogo, pale chakula kinaponyonywa. Mafuta yanapita bure, choo kinanuka sana na kuelea. Mtoto anakula wali na samaki wake, lakini anakonda. Akikonda, mwili unakosa nguvu ya kupambana, anaharisha tena.

Ile dawa ya minyoo ambayo bibi huwapa wajukuu wote, kidonge kimoja, huua minyoo. Giadia mara nyingi hubaki. Daktari akijua mlikokuwa, atapima choo, pengine zaidi ya mara moja.

Msimnyime chakula! (Mama yangu alikuwa akitupa chai ya rangi tu, Mungu amrehemu.) Anyonye, ale uji. Mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visijae kupita ukingo.

Macho yakibonyea, mkojo ukikauka, au mkiona damu kwenye choo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.