Moshi Ndani ya Gari la Jamaa: Hatari Yake, na Jinsi ya Kutengeneza Bomba Lililotoboka

Barabara itokayo Dagahaley kupita Dadaab hata Garissa, mwendo upatao kilomita 100, ni barabara ya mchanga, vumbi na mashimo, na wakati wa mvua ni ya matope mazito. Magari ya jamaa yapitayo njia hiyo hupata taabu nyingi. Mwenye gari huziona upesi taabu za tairi na springi. Lakini taabu ya bomba la moshi aghalabu hupuuzwa, kwa kuwa gari lililotoboka bomba huendelea kwenda, ila kwa kelele tu. Kumbe kelele si ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa ni sumu.

Petroli iwakapo ndani ya injini hutoa, pamoja na moshi, hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu isiweze kuchukua oksijeni ya kutosha kuupelekea ubongo na moyo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kusinzia. Akiachwa katika hali hiyo, hufa. Watoto wadogo na wanawake wenye mimba huwa katika hatari zaidi.

Basi yafaa kila dereva aijue dalili hii: ikiwa abiria kadhaa wanaumwa kichwa pamoja safarini, na kichwa kinapoa baada ya kushuka, haifai kudhani kwamba ni jua au uchovu tu. Lisimamishwe gari mara moja, injini izimwe, na watu wote watoke nje wapate hewa safi. Aliyepotewa na fahamu au anayeendelea kuugua apelekwe hospitali bila kukawia, kwa gari jingine lisilo na kasoro hiyo, na mganga aelezwe kwamba alivuta moshi wa motokaa, maana dawa yake ni oksijeni.

Moshi huingiaje ndani?

Katika magari kama Toyota HiAce, injini imewekwa chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo moshi ukivuja karibu na injini, huvuja chini ya miguu ya watu, nao hupenya katika kila tundu la sakafu na kifuniko kisichofunga sawasawa. Njia ya pili ni mlango wa nyuma. Watu wengi hupakia mizigo mingi, kisha huufunga mlango huo kwa kamba ukiwa wazi nusu. Gari likienda, upepo huzunguka nyuma yake na kuuvuta moshi ndani. Tena, madirisha yakifungwa kwa ajili ya vumbi, hewa safi haiingii ya kutosha kuuondoa. Kwa sababu hiyo mlango wa nyuma ufungwe kabisa kila safari. Mzigo usioenea uwekwe juu ya gari au uachwe.

Kwa nini bomba huoza katika nchi kavu?

Wengine hushangaa kuona kutu katika nchi yenye mvua haba. Sababu ni kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja, kwa namna ya mvuke. Gari liendalo safari fupi tu, kama kutoka nyumbani hadi sokoni, halipati moto wa kutosha kuukausha mvuke huo. Maji hukaa ndani ya sailensa na kuila taratibu. Hivyo bomba huoza kutoka ndani, nalo kwa nje laonekana zima. Kisha mashimo ya barabara hulipiga na kulimaliza.

Jinsi ya kutafuta kasoro

Kazi hii ifanywe asubuhi, bomba likiwa baridi, nje mahali penye upepo, si ndani ya banda. Magurudumu yawekewe mawe. Katika mchanga jeki huzama; basi iwekwe juu ya ubao mpana, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bali liegemezwe juu ya magogo imara.

Kwanza, fundi atazame kila kiungo. Masizi meusi kandokando ya kiungo ni alama ya mahali moshi utokapo. Pili, injini iwashwe na kusikilizwa. Mlio wa ta-ta-ta uongezekao mafuta yakikanyagwa, nao hupungua injini ipatapo moto, aghalabu ni gasketi ya manifoldi au ufa, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kuziba nafasi. Tatu, viungo vipakwe maji ya sabuni kabla havijapata moto. Povu likitokea, pana tundu. Mlio wa vyuma kugongana ndani ya sailensa ni dalili kwamba vigawanyo vyake vimekatika. Gari likikosa nguvu ya kupanda, huenda bomba limebonyea au katalitiki, yaani chombo cha kupunguza sumu, imeziba.

Matengenezo

Tundu dogo laweza kuzibwa kwa muda kwa bati la mkebe lililofungwa kwa klampu mbili, ili gari lifike kwa fundi. Hiyo si tiba. Chuma kilichooza hakishiki moto wa kulehemu. Sehemu hiyo ikatwe, na kipande kipya kiwekwe. Kabla ya kulehemu kwa umeme, waya za betri zifunguliwe, na moto usikaribie tangi la petroli. Bolti zenye kutu zitiwe mafuta na kuachwa kwa muda, zikilazimishwa hukatika. Kila kiungo kifunguliwapo, gasketi yake ibadilishwe, na bolti za manifoldi zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Mipira ya kuning'iniza bomba isibadilishwe kwa waya mkavu, maana mtikisiko wa gari ukikosa mpira huingia katika bomba lenyewe na kulipasua. Wala katalitiki isiondolewe kwa kutaka nguvu zaidi au kwa kuiuza.

Kazi ikiisha, vipimo vya masizi, sauti na sabuni virudiwe kabla mtoto yeyote hajapandishwa. Gasketi moja ina bei ndogo, na jamaa nzima huketi juu yake. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ukuta uangukao hujengwa tena. Uhai wa mtu haujengwi.